Mwanga Unaoutosha Mche

Kila asubuhi Fundi alianza kazi kwa kutunga uzi kwenye sindano. Uzi ukipita mara ya kwanza, alijua mwanga wa dirishani unatosha. Uzi ukikataa, aliwasha taa ya dari na kujaribu tena. Huo ndio uliokuwa mtihani wake wa mwanga, na haukuwahi kumdanganya tangu alipojifunza kushona.

Fundi aliishi ghorofa ya pili pamoja na mume wake, ambaye alikuwa mwokaji wa mikate, na mama mkwe wake. Vyumba vilikuwa viwili tu. Chumba cha mbele kilikuwa na kazi tatu: mchana kilikuwa cha kushonea, jioni kilikuwa sebule, usiku mama mkwe alilala humo. Dirisha lake lilitazama ukuta wa jengo la jirani. Ungenyoosha ufagio, ungeugusa.

Mama mkwe hakuzoea kuishi hewani. Maisha yake yote alikuwa mkulima. Magoti yalipomgomea, na shamba lilipochukuliwa na watu waliotaka kujenga maghala, mwanawe alimleta kwake. Alikuja na sanduku la nguo, sufuria moja aliyoipenda, na fundo la kitambaa. Ndani ya fundo mlikuwa na mbegu za nyanya.

"Hizi hazipo dukani," alimwambia Fundi siku ya kwanza. "Mama yangu alinipa, naye alipewa na mama yake. Nyanya yake ni nene, ina mikunjo kama kiuno cha sketi uliyoipa marinda. Ukiikata, huhitaji kitu kingine."

"Nani mwingine anazo, mama?"

"Nilikuwa nazo mimi. Sasa shamba halipo. Zimebaki hizi."

Fundi alilitazama lile fundo. Lilikuwa dogo, lingeingia ndani ya kikombe cha kahawa.

Msimu ulikuwa wa baridi. Juu ya paa la jengo kulikuwa na nafasi nzuri, na mwenye jengo aliwaruhusu kuitumia. Lakini upepo wa huko uling'oa hata vibanio vya nguo. Mbegu isingeota kule. Kwa hiyo walikubaliana kukuza miche ndani ya nyumba, kisha waihamishie paani baridi ikipungua.

Mama mkwe alifungua fundo. Alipanda nusu ya mbegu kwenye vikopo, akafunga nusu iliyobaki. Fundi alivipanga vikopo dirishani. Baada ya muda mfupi vichwa vya kijani vikachungulia, na mama mkwe akaamka kila siku kabla ya kuku wowote, kana kwamba bado ana kuku. Alipita akiipitishia miche kiganja chake taratibu, huku na huku, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto mchanga.

Miche ilirefuka haraka, na Fundi akafurahi.

"Tazama watoto wako wanavyokimbilia juu," alimwambia mumewe.

Mwokaji alikuwa ametoka kazini, mweupe wa unga mpaka kwenye nyusi. Aliinama akaitazama. "Mbona wembamba hivi? Wamefunga?"

Alitania, lakini kweli ilikuwa myembamba. Vishina vilikuwa vyeupe, vyembamba kama uzi wa kufumia, na vyote viliinama kuelekea dirishani. Fundi aligeuza vikopo asubuhi. Kufika jioni, miche yote ilikuwa imegeuka tena. Jambo hilo lilimshangaza. Uliwezaje mmea usio na shingo kugeuza kichwa?

Halafu miche ikaanza kulala. Mmoja leo, miwili kesho.

Fundi alifanya kile ambacho fundi wa nguo angefanya. Alichukua njiti za kiberiti, akachomeka njiti moja kando ya kila mche, akaushikiza kwa uzi mwekundu. Aliongeza maji. Aliwasha taa ya dari mchana kutwa. Akachukua sindano, akasimama pale pale dirishani, akatunga uzi. Ulipita mara ya kwanza.

"Mwanga upo," alisema. "Kama mimi naona tundu la sindano, wao wanakosa nini?"

Mumewe alipoona zile njiti alivua kofia. "Samahani, daktari. Muda wa kuwaona wagonjwa ni saa ngapi?"

Fundi hakucheka. Asubuhi iliyofuata alimwona mama mkwe akipitisha kiganja juu ya miche, akamwambia kwa upole, "Mama, tafadhali usiiguse. Utaivunja."

Mama mkwe aliuondoa mkono wake. Aliuweka mapajani, juu ya mkono wa pili.

"Haya, mwanangu," alisema. Kisha akaongeza, "Labda nyanya zangu haziwezi maisha ya huku. Si kila kitu kinahamishika."

Fundi alielewa kwamba mama mkwe hakuwa anazungumzia nyanya peke yake. Siku hiyo alishona koti moja akalifumua mara mbili.

Koti hilo lilikuwa la jirani yao wa chini, Mpiga Picha. Alikuwa na studio ndogo isiyokuwa na dirisha hata moja, na koti lilikuwa la kuazimisha wateja waliokuja kupiga picha za vitambulisho bila kuvaa rasmi. Jioni alipanda kulifuata.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, jirani."

"Shikamoo mama. Za hapa?" Mpiga Picha alimpa mkono mama mkwe, kisha macho yake yakaenda dirishani. Alisogea. Aliangalia njiti na uzi mwekundu kwa muda, akajitahidi asicheke. "Jirani, hii miche ina njaa."

"Njaa gani? Naimwagilia kutwa mara mbili."

"Njaa ya mwanga. Na maji unayazidisha, shingo zitaoza."

"Mwanga upo," Fundi alisema, kidogo kwa ukali. "Nimepima."

"Umepima na nini?"

Fundi alimwonyesha sindano. Mpiga Picha aliitazama sindano, akamtazama Fundi, na safari hii cheko likamshinda. Lakini lilikuwa cheko la mtu aliyefurahia kitu kipya.

"Hicho ni kipimo kizuri cha macho yako," alisema. "Ngoja nikuletee kipimo cha mche."

Alishuka, akarudi na kamera ya zamani, nzito kama tofali. Juu yake kulikuwa na kidirisha cha kioo, na ndani ya kidirisha mlikuwa na mshale mwembamba.

"Huu mshale unapima mwanga. Mwanga ukiwa mwingi unakimbia kulia. Ukiwa kidogo unalala kushoto. Shika mwenyewe."

Fundi aliielekeza kamera kwenye vikopo. Mshale ulitikisika kidogo, ukalala.

"Imeharibika," alisema.

"Twende juu."

Walipanda paani. Jua lilikuwa halijatua, lakini mbingu ilikuwa na mawingu, na upepo uliwavuta nguo. Fundi aliinua kamera. Mshale uliruka mpaka mwisho, ukakaa huko huko kama umepigiliwa msumari.

"Lakini jua lenyewe halionekani," Fundi alisema.

"Halionekani. Na bado mwanga wa hapa ni mwingi mara kadhaa kuliko wa dirishani kwako. Macho yako hayakwambii, kwa sababu macho ni kama muuza duka. Wateja wakiwa wachache, anafungua milango yote miwili. Ukiingia chumbani, mboni zinafunguka, unaona vizuri, unadhani mwanga ni ule ule. Mche hauna mlango wa kuongeza. Unapata kilichopo tu."

"Ndiyo maana unarefuka?"

"Ndiyo. Sisi tunatumia mwanga kuona. Mche unautumia kutengeneza chakula. Ukikosa, unatumia nguvu zote kurefuka, ukidhani uko chini ya majani na jua liko juu kidogo tu. Ule haukuwa ukuaji, jirani. Ulikuwa unatafuta njia ya kutokea."

Fundi aliomba kubaki na kamera kwa muda. Mumewe aliporudi kutoka dukani alimkuta akipima kila kitu. Alipima chini ya meza. Alipima ndani ya sufuria. Alipima dari, akapanda kiti, akasogeza kamera karibu na taa, na mshale ukapanda. Akashuka, ukashuka naye.

"Huyu mke wangu ameanza lini kuwa hivi?" mwokaji alimuuliza mama yake kwa sauti ya chini.

"Mwache," mama mkwe alisema. "Anatafuta kitu."

Fundi aliwageukia. "Taa si mbaya. Iko mbali tu. Mwanga unapungua haraka sana ukisogea. Juu ya kiti mshale unapanda, mezani umelala. Na mimi niliiacha taa darini, miche iko dirishani."

Kesho yake Mpiga Picha alileta taa mbili ndefu za fimbo. Alizitoa studio alipoweka nyingine, na zilikuwa bado nzima. Zilitoa mwanga mweupe, hazikuchoma mkono na hazikula umeme mwingi.

"Nina hoho kumi na tano nyuma ya pazia langu la studio," alisema. "Wateja wanadhani ule mwanga wa pembeni ni wa picha. Afisa kilimo mmoja ndiye aliyenifundisha. Mara ya kwanza nami niliweka taa juu sana, nikapata miche kama mvi za babu."

"Iwe karibu kiasi gani?" Fundi aliuliza.

"Upana wa kiganja kutoka ncha ya juu ya mche. Halafu weka mkono wako pale miche ilipo, kiganja chini. Ukisikia joto la kukukera, taa imekaribia mno, ipandishe kidogo. Na angalia kivuli cha mkono. Kivuli kikiwa cheusi, chenye kingo zinazoonekana, mwanga ni wa kutosha. Kivuli kikiwa kama moshi, bado."

"Nayo miche inakua kila siku. Taa itapandishwaje?"

Hapo Mpiga Picha alikwama. Yeye kule studio alipandisha taa kwa kuongeza vitabu chini ya miguu ya taa hiyo. Fundi alifikiri kidogo. Akafungua droo yake, akatoa mikanda miwili ya mikoba, ile yenye bizimu ya kurefusha na kufupisha. Alishona kitanzi kila mwisho. Mumewe alipigilia misumari imara chini ya rafu ya ukutani, wakahamishia vikopo chini yake, wakaning'iniza taa. Ukivuta bizimu, taa inapanda. Ukilegeza, inashuka.

"Hii sikuiona popote," Mpiga Picha alisema, akivuta na kulegeza kama mtoto. "Nishonee na mimi."

Mwokaji alipitisha waya wa umeme juu ya rafu, mbali na maji, akaufunga ukutani. Hakuna ambaye angegusa swichi kwa mikono yenye maji, walikubaliana. Fundi alitandika kitambaa cheupe ukutani nyuma ya vikopo, ili mwanga urudi kwa miche badala ya kupotea.

"Iwake kwa muda gani?" mwokaji aliuliza. "Usiku kucha?"

"Hapana. Mche nao unapumzika. Saa kumi na nne mpaka kumi na sita kwa siku zinatosha, kisha giza."

"Basi mimi nitawasha nikienda kazini alfajiri. Mama atazima akilala."

"Mimi nalala mapema," mama mkwe alisema.

"Ndiyo vizuri, mama. Mtalala pamoja."

Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, mama mkwe alicheka. Lakini macho yake yalikuwa kwenye vikopo. Miche saba tu ilikuwa bado hai, imelegea kwenye njiti zake.

"Hii nayo tuitupe?" aliuliza.

"Usitupe, mama," Mpiga Picha alisema. "Nyanya ina siri."

"Naijua siri yake," mama mkwe alisema polepole. "Shina lake likifukiwa linatoa mizizi. Shambani, uliovunjika tuliufukia. Lakini sikujua kama ya kwenye kopo nayo inakubali."

"Inakubali."

Mama mkwe alivuta kiti. Alifungua uzi mwekundu kwenye kila mche, akachomoa njiti. Hakutupa chochote maishani mwake. Vipande vya uzi alivitia mfukoni. Kisha akaihamisha miche mmoja mmoja kwenye vikopo virefu, akiishika kwa jani, kwa kuwa shina likibonyezwa linakufa. Alifukia mashina yale marefu mpaka karibu na majani ya chini. Miche iliyokuwa mirefu kama vidole ikabaki mifupi, imekaa imara kwenye udongo.

"Na maji?" Fundi aliuliza.

"Toboa vikopo chini," Mpiga Picha alisema. "Viweke kwenye sinia, mimina maji kwenye sinia, udongo unyonye. Yanayobaki mwaga. Kabla ya kumwagilia tena, gusa udongo kwa kidole. Ukiwa bado na unyevu, subiri. Kitu cha mwisho ni upepo. Nje miche inatikiswa, ndiyo maana inakaza shina. Ndani hakuna wa kuitikisa. Wenye feni wanawasha kidogo. Asiye na feni anaipitishia mkono asubuhi na jioni, taratibu, huku na huku."

Fundi aliangalia sakafu, kisha akamwangalia mama mkwe.

"Mama," alisema, "vile ulivyokuwa unafanya."

"Mimi nilikuwa naisalimia tu."

"Nilikukataza."

"Ulikuwa unaiogopea. Hata mimi niliiogopea." Mama mkwe alijipangusa udongo vidoleni. "Shambani nilipita katikati yake kila siku, sketi yangu ikiigusa. Sikujua kama ni kazi. Nilidhani ni mazoea."

"Basi kazi hiyo ni yako, mama. Mtu mwingine asiishike."

Mama mkwe alinyoosha kiganja, akakipitisha juu ya majani machache yaliyobaki. Kisha akalichukua fundo lake. Alilishika kwa muda mrefu kidogo, akalifungua, akapanda mbegu zote zilizobaki. Hakuacha hata moja.

"Mama, zote?" mwanawe aliuliza.

"Nizitunzie nini ndani ya kitambaa? Kama mwanga umepatikana, zipande."

Mbegu zile hazikuhitaji mwanga mpaka zilipotokeza. Walizifunika na kuziweka mahali penye joto, jikoni, juu ya kabati. Zilipochungulia tu, siku hiyo hiyo, Fundi alizihamishia chini ya taa. Hakungoja hata jioni. Ila kimoja kati ya vikopo viwili vya miche ya hoho, alivyopewa na jirani, alikiacha dirishani kwa makusudi.

"Hiki umekisahau," mwokaji alimwambia.

"Sijakisahau. Nataka kuona."

Wakaona. Hoho ya dirishani ilinyoosha shingo kuelekea ukuta wa jirani. Hoho ya chini ya taa ilikaa fupi, nene, majani yake ya kijani kizito yakiwa yamepangana kama vifungo vya shati. Fundi alipoona tofauti imeshajieleza, alikionea huruma kile cha dirishani, akakirudisha kwa wenzake.

Nyanya nazo zilibadilika. Ile saba iliyofukiwa ilikaa kimya kwanza, haikukua, mpaka Fundi akawa na wasiwasi. Kumbe ilikuwa inashughulika chini. Halafu ikatoa majani mapya kwa pamoja. Palipoota miche miwili kwenye kikopo kimoja, mama mkwe aliuacha wenye nguvu, akaukata mwingine kwa mkasi wa kukatia nyuzi, ili mizizi ya mwenzake isitikiswe. Fundi alivuta bizimu kila mche ulipokaribia taa. Mama mkwe alisalimia miche asubuhi na jioni, na siku hizi aliisalimia kwa sauti.

"Anaongea nayo," mwokaji alimnong'oneza mkewe.

"Na wewe unaongea na unga. Nimeshakusikia."

Baridi ilipopungua, Fundi alitaka kuipeleka miche yote paani siku moja. Mama mkwe ndiye aliyemzuia.

"Miche hii haijawahi kuliona jua, mwanangu. Ukiipeleka ghafla itaungua. Tuitoe kidogo kidogo."

Siku ya kwanza waliitoa kwa muda mfupi tu, kivulini, kisha wakairudisha. Kila siku waliongeza muda na kuongeza jua. Juma moja na ushei lilipopita, miche ililala nje, ikaamka salama.

Mwokaji alileta ndoo za plastiki zilizokuwa na mafuta ya kuokea. Zilioshwa kwa sabuni, zikatobolewa chini. Siku ya kuipanda miche kwenye ndoo, mama mkwe alisema ataipanda mwenyewe. Alipanda ngazi akiwa ameshika mkono wa mwanawe, akapumzika kila ghorofa, akikataa kubebwa. Alipofika juu, alisimama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona mbali tangu alipohamia. Aliangalia mapaa, nguo zilizoanikwa, mbingu. Kisha akaomba mche wa kwanza.

Nyanya ziliiva. Zilikuwa nene, zenye mikunjo, kama alivyosema. Ya kwanza waliikata vipande vinne, cha nne wakampa Mpiga Picha, wakala kwa chumvi wakiwa wamesimama. Vipande vilikwisha upesi.

"Kumbe," Mpiga Picha alisema.

"Nilikwambieni," mama mkwe alijibu.

Ya pili, iliyo nzuri kuliko zote, hakuruhusu iliwe. Aliiacha iive hadi ikalainika, akakamulia mbegu kwenye kikombe chenye maji kidogo. Aliziacha siku chache mpaka ute ulipoachia, akaziosha, akazianika kivulini juu ya kitambaa.

Asubuhi moja Fundi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Mama mkwe alikuja akasimama karibu na cherehani. Mkononi alikuwa na mafundo mawili.

"Hili la jirani," alisema. "Azipande nyuma ya pazia lake." Kisha akaliweka la pili juu ya nguo iliyokuwa ikishonwa. "Na hili lako."

"Mama, hizi ni zako. Nikutunzie?"

"Siyo unitunzie. Mama yangu alinipa nilipojua kuzipanda. Wewe sasa unajua."

Fundi aliweka sindano chini. Alilichukua fundo kwa mikono miwili. Lilikuwa dogo, lingeingia ndani ya kikombe cha kahawa, na lilikuwa limefungwa kwa vipande vya uzi mwekundu vilivyounganishwa kimoja kimoja, vile vile alivyowahi kufungia miche kwenye njiti za kiberiti.